Aliyepiga Simu Hajui Kuwa Uko Semina



Siku ya kwanza kazini mtu hukabidhiwa kiti, ufunguo wa droo na simu ya mezani yenye namba yake ya ndani, ile tunayoiita ekstensheni. Kiti hukikalia. Droo huijaza makaratasi na pakiti ya sukari. Simu huipokea ikilia. Kinachosahaulika ni sanduku la sauti lililo nyuma ya namba hiyo, ambalo tangu siku ile linamngoja arekodi maneno ya kumwambia mpigaji pale yeye anapokuwa hayupo. Wengi hawarekodi kamwe. Mtu anapandishwa cheo, anahama ghorofa, anakaribia kustaafu, na bado mwananchi anayempigia anajibiwa na mwanamke asiyemjua, kwa Kiingereza, kwamba mtu wa ekstensheni mbili sifuri nne hayupo.

Kwenye mitambo mingi mwanamke huyo ana jina. Ni Allison Smith, msomaji wa matangazo kutoka Kanada, aliyetia sauti maneno ya Kiingereza ya Asterisk, programu ya kuendeshea simu za ofisi. Asterisk yenyewe ilianzishwa 1999 na Mark Spencer, kijana wa Alabama, Marekani, aliyekuwa na kampuni changa. Alihitaji mtambo wa simu, akaulizia bei, ikamshinda. Akakaa kwenye kompyuta akaandika wa kwake, kisha akauachia ulimwengu bure. Kwa hiyo fundi wa TEHAMA akikufungia mtambo wa bei nafuu hapa mjini, si ajabu ndani yake mkawa na Asterisk hata kama kasha la nje lina nembo nyingine. Huo ndio utakuwa mfano wangu leo. Kama ofisi yenu ina mtambo tofauti, vitufe vitabadilika, lakini mambo ya kurekodi ni yale yale.

Najua kuna msikilizaji anasema: ndugu yangu, unatwanga maji kwenye kinu, watu wetu hawaachi ujumbe kwenye simu. Wakisikia mashine wanakata. Ni kweli, wanakata. Ila tuulizane wanakata kwa nini.

Kwanza ni salio. Ukimpigia mtu aliyezima simu, mtandao ukakwambia hapatikani, hujakatwa hata senti. Lakini mtambo wa ofisi ukishapokea, kwa kampuni ya simu hiyo imepokelewa. Haijali aliyepokea ni mtu au kompyuta. Salio linaanza kushuka kuanzia neno la kwanza la salamu. Sisi tuliokulia kwenye kubipu, tuliojua kuiacha simu ya mwenzetu ilie mara moja tu kisha tukate, tuna sikio kali sana kwa jambo hili. Tukisikia sauti isiyopumua, kidole kiko kwenye kitufe chekundu.

Lakini salio halielezi yote. Mtu huyo huyo aliyekata simu ya ofisi, mkute kwenye daladala jioni: simu ameishika mlalo mbele ya mdomo, anamrekodia shemeji yake ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika nne, na abiria wote tunajua mahari ilipoishia. Kwa hiyo si kweli kwamba haya ya kuongea na mashine inamzuia. Kwenye WhatsApp anajua anaongea na nani, na baadaye ataona zile tiki za bluu, atajua amesikilizwa. Ofisini anakutana na mgeni anayesema Kiingereza, halafu mlio, halafu kimya. Hana ishara yoyote kwamba kuna binadamu atakayefungua lile sanduku. Mimi naona anafanya jambo la busara kukata.

Na hapo ndipo salamu ya kujirekodia inapopata kazi. Kazi yake si kupendezesha simu. Ni kumthibitishia mpigaji kwamba yuko mtu, na mtu huyo atasikiliza saa fulani. Ukikosa hilo, mengine yote ni mapambo.

Wazo la kuiachia mashine maneno si geni. Valdemar Poulsen, Mdenmaki, alipobuni mwaka 1898 chombo cha kunasa sauti kwenye waya wa chuma, moja ya kazi alizokusudia ilikuwa hiyo hiyo: kunasa maneno ya simu wakati mwenyewe hayupo. Sanduku la sauti la ofisi, kwa maana tunayoijua leo, linahusishwa zaidi na Gordon Matthews wa Dallas, Marekani, aliyepata hataza yake 1983. Inasimuliwa kwamba aliona pipa la taka la ofisi moja limejaa vile vikaratasi vya rangi ya waridi ambavyo wahudumu wa mapokezi huandikia nani alipiga na alitaka nini. Vikaratasi hivyo kwetu bado viko hai, na mimi sina ugomvi navyo. Mhudumu wa mapokezi anayeandika vizuri, anayeuliza jina mara mbili, anaushinda mtambo wowote. Shida ni kwamba saa saba mchana naye ameenda kula.

Haya, tukae mezani, tuinue mkonga.

Unapiga namba ya sanduku. Kwenye mitambo mingi ya namna hii ni nyota tisa saba au nyota tisa nane, fundi atakwambia. Unaingiza namba yako ya siri, unamalizia na alama ya reli. Hapo utaambiwa kama una ujumbe. Usihangaike nao kwanza. Bonyeza sifuri, ndiko kwenye mipangilio. Humo, moja ni kurekodi salamu ya kutokuwepo. Mbili ni salamu ya pale unapokuwa unaongea na mtu mwingine. Tatu ni jina lako. Nne ni salamu ya muda. Tano ni kubadili namba ya siri. Ukibonyeza moja kati ya zile nne za mwanzo, unangoja mlio, unasema, unabonyeza reli. Kisha mtambo unakuuliza: moja kukubali, mbili kujisikiliza, tatu kurudia. Watu hukosea hapa mwishoni. Wanasema vizuri, wanaridhika, wanaweka mkonga chini bila kubonyeza moja, na walichosema hakihifadhiwi.

Hiyo tatu, ya jina, nataka tuisimamie kidogo. Mtambo unapoomba jina unataka jina tupu: Asha Juma, basi. Sababu ni kwamba usiporekodi salamu yoyote, utalichukua jina hilo na kulichomeka ndani ya sentensi yake yenyewe ya Kiingereza, pale palipokuwa na namba ya ekstensheni. Sasa kuna mtu anafika hapo, anasikia mlio, anadhani ndiyo nafasi yake ya kuhutubia. Anarekodi: “Hujambo, karibu sana idara ya manunuzi, kwa sasa sipo, acha jina na namba, Mungu akubariki.” Matokeo yake mpigaji anasikia hotuba nzima ya Kiswahili, halafu bila hata pumzi, sauti ya Kanada inadakia kwa Kiingereza kwamba “hayupo”. Ukisikia kituko hicho kwenye simu ya ofisi fulani, ujue tatizo ni kitufe namba tatu.

Salamu ya kutokuwepo na ile ya kuwa kwenye simu nyingine, watu hurekodi maneno yale yale mara mbili. Ni kupoteza kitu kizuri. Mtu aliyetoka Mbagala mpaka katikati ya mji kufuatilia faili lake, akapiga simu akiwa getini, kwake kuna tofauti kubwa kati ya “hayupo” na “yupo, anaongea na mwingine”. Ya pili inamwambia asiondoke. Kwa hiyo kwenye kitufe cha pili sema hivyo hivyo: niko mezani, naongea na mteja mwingine, jaribu tena baada ya dakika tano au acha namba.

Lakini kitufe ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho karibu hakuna anayekigusa, ni cha nne. Salamu ya muda. Ukiirekodi, inazifunika zile nyingine mbili bila kuzifuta. Unakwenda semina Dodoma, unakwenda likizo ya uzazi, unafiwa: dakika moja kabla ya kutoka unarekodi kwamba hutakuwepo mpaka tarehe fulani, na shughuli zako anazo fulani, ekstensheni fulani. Ukirudi unabonyeza nne tena, unaifuta, salamu yako ya kila siku inarudi yenyewe. Fundi anaweza hata kuuweka mtambo ukukumbushe kila unapoingia sandukuni kwamba salamu ya muda bado iko juu. Mwombe afanye hivyo. Salamu inayosema mwezi wa Juni kwamba utarudi ofisini baada ya sikukuu ya Krismasi ni mbaya kuliko kutokuwa na salamu, kwa sababu inamwambia mpigaji kwamba tangu Desemba hakuna mtu ofisini humo aliyejali.

Sasa useme nini? Kiswahili kina mtego wake hapa. Salamu zetu ni za kupokezana. Ukimuuliza mtu “habari za leo?” unamngoja ajibu. Salamu iliyorekodiwa haingoji. Inauliza habari na kabla mtu hajafungua mdomo tayari iko kwenye “kwa sasa sipo”. Nimewasikia wazee wakijibu, “nzuri mwanangu,” na sauti ikaendelea kuwapita juu kwa juu. Hiyo ni kumkosea mtu adabu kwa kumsalimia. Na “shikamoo”? Hujui anayepiga ni babu au ni mtoto wa shule. Kwa maoni yangu salamu ya simu ianze na neno lisilodai jibu: karibu, au asante kwa kupiga. Kisha iende kwenye kazi.

Nikupe mfano wa meza ya malipo, uupime:

“Karibu. Hapa ni uhasibu, meza ya malipo ya wazabuni. Anayeongea ni fulani, nimetoka kidogo. Nasikiliza ujumbe saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Taja jina la kampuni, namba ya ankara na namba yako ya simu, pole pole. Ukiwa na haraka bonyeza sifuri upate mapokezi.”

Ukiusoma kwa mwendo wa kawaida hauzidi nusu dakika, na salio la mtu limeheshimiwa. Unamwambia amefika mahali sahihi, jambo ambalo aliyehamishwa kutoka dirisha hadi dirisha analihitaji kuliko jina lako. Unampa saa. Angalia pia kile ambacho hakimo: hakuna “nitakupigia mara moja”. Hakuna mtu anayepiga mara moja. Ukiahidi saa nne na saa tisa, na ukasikiliza saa nne na saa tisa, baada ya mwezi mmoja wazabuni wote watakuwa wanaacha ujumbe, kwa sababu habari husambaa kwamba meza ile inajibu. Kuhusu ile sifuri ya mapokezi, hakikisha kwanza na fundi kwamba imewashwa, maana isipowashwa mtu atabonyeza mpaka kidole kiume.

Neno “pole pole” sikuliweka kwa mapambo. Simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Sehemu kubwa ya mvumo wa herufi kama s na f iko juu ya hapo, inakatwa njiani. Ndiyo maana kwenye simu Fatuma huweza kusikika Satuma. Kwa tarakimu zetu balaa kubwa ni sita na tisa, zenye herufi zile zile zilizobadilishana nafasi. Mtu akizitaja mbio mbio huku bodaboda zinapita, utaandika namba ya mtu mwingine kabisa. Mwombe ataje namba mara mbili, na wewe ukitaja namba kwenye salamu yako fanya vivyo hivyo.

Kuna na suala la saa. Ukisikiliza ujumbe wako, mtambo unaweza kukusomea uliingia lini, na unasoma saa za Kizungu. Mtambo ukisema “two thirty” alasiri una maana ya saa nane na nusu zetu. Karani mgeni anayenukuu kwenye daftari ataandika saa mbili na nusu, na mgogoro wa nani alipiga kabla ya zabuni kufungwa utaanzia hapo. Mkubaliane mapema ofisini daftari linaandikwa kwa saa zipi.

Wakubwa nao. Kuna desturi ya mkurugenzi kumwachia katibu muhtasi wake arekodi salamu: “Umempigia Mheshimiwa Mkurugenzi.” Kama katibu muhtasi ndiye anayesikiliza ujumbe na kuupanga, sawa kabisa, na aseme hivyo. Kama mkurugenzi anasikiliza mwenyewe, arekodi mwenyewe. Anayepiga ana haki ya kujua maneno yake yataingia sikio la nani, hasa kama ni malalamiko juu ya mtu aliye ofisi hiyo hiyo.

Ukishamaliza kurekodi kwa Kiswahili chako kizuri, usishangae ukipiga kujisikiliza ukakuta yule mama wa Kanada bado yupo. Baada ya salamu yako, mtambo huongeza maelekezo yake wenyewe: acha ujumbe baada ya mlio, ukimaliza kata simu au bonyeza reli, yote kwa Kiingereza. Hilo wewe huwezi kulizima ukiwa mezani. Ni la fundi: kwenye mstari unaopeleka simu sandukuni anaongeza herufi moja, s, na maelekezo yananyamaza. Au afanye vizuri zaidi, maneno hayo ni faili za sauti za kawaida tu ndani ya kompyuta. Ofisi inaweza kumweka mtu mwenye sauti tulivu kwenye chumba kisicho na pangaboi, akayasoma kwa Kiswahili, yakawekwa mahali pa yale ya Kiingereza. Ni kazi ya mchana mmoja, na taasisi za umma zinazohudumia watu wa vijijini zingeanza na hili kabla ya kununua bango jipya la mapokezi.

Ofisi zinazopigiwa kutoka nje ya nchi, Kiswahili kitangulie, kisha sentensi mbili za Kiingereza. Usitafsiri salamu nzima.

Mawili ya haraka, maana muda unanibana. La kwanza ni namba ya siri. Mafundi wengi wakifungua sanduku huweka namba ya siri ya kuanzia ifanane na ekstensheni, na watu huiacha hivyo hivyo. Uingereza gazeti la News of the World, lililokuwa likichapishwa tangu 1843, lilifungwa Julai 2011 baada ya kubainika kwamba watu wake walikuwa wakiingia kwenye masanduku ya sauti ya simu za watu. Njia mojawapo ilikuwa rahisi namna hiyo: namba za siri za mwanzo ambazo wenyewe hawakuzibadili. Fikiria sanduku la hospitali, mtu ametaja jina lake na ugonjwa wake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Sanduku la sauti lenye namba ya siri inayojulikana na ghorofa nzima halina utetezi mbele ya sheria hizo.

La pili ni kujaa. Sanduku la Asterisk, fundi asipobadili, hufika mwisho likiwa na jumbe 100. Likijaa, mpigaji anasikilizishwa salamu yako yote kwanza, salio linakwenda, ndipo anaambiwa hakuna nafasi. Kama huna nidhamu ya kusikiliza na kufuta, mwambie fundi alifunge kabisa sanduku lako, simu iende mapokezi. Hakuna aibu katika hilo, na ni afadhali kwa anayepiga.

Basi, msikilizaji mwenye simu ya mezani, kesho ukifika kazini usiipokee simu yako. Chukua ya mkononi, piga namba ya ofisi, omba ekstensheni yako mwenyewe, iache ilie mpaka mtambo upokee. Sikiliza mpaka mlio. Kama hungependa mama yako ajibiwe hivyo akiwa na vocha ya mia tano, ingia sandukuni, bonyeza sifuri ufike kwenye mipangilio, kisha moja, urekodi upya. Na kama unakwenda semina, bonyeza nne kabla ya kuondoka.